Husqvarna 372XP imejamu: nitie seti ya milimita 52 au niokoe silinda yake ya zamani?

kinyozi_wa_miti (Kisauni)

Salaam aleikum jamaa zangu. Kazi yangu ni kukata miti majumbani mwa watu: miembe iliyoegemea paa, mivinje iliyokauka, minazi ambayo wenyewe waogopa isije ikawaangukia usiku wakati wa kusi. Nna pawasoo mbili (misumeno ya injini). Ndogo ni ya matawi. Kubwa ni Husqvarna 372XP niliyoinunua kule Eldoret kwa mzee mmoja aliyekuwa akipasulia mikaratusi. Nilirudi nayo kwa basi nimeipakata kama mtoto. Shambani kwake niliijaribu, ikawaka kwa mvuto wa pili na kupita gogo kama kisu ndani ya papai.

Hapa Mombasa ilifanya kazi wiki tano, nami nikawa naona nguvu si ile. Kijana wa gereji ya pikipiki hapa jirani akaniambia sailensa imeibana, akaitoboa matundu mawili ya milimita 10 upande wa mbele. Sauti ikabadilika, na wallahi ikachanganya kweli. Siku mbili. Ya tatu nilikuwa Mwandoni kwenye mwembe ambao watu wawili hawaukumbatii wakakutana mikono. Mashine ikapandisha sauti nyembamba ya ajabu, kisha ikazima yenyewe katikati ya gogo. Kamba haivutiki. Ilipopoa ikavutika, lakini kilaini mno. Nimepima mgandamizo, psi 95.

Nimeifungua. Pistoni ina michirizi upande wa ekzosi tu, na ringi imeganda ndani ya mfereji wake upande huohuo. Upande wa kabureta ni safi, mikwaruzo midogo ya kiwandani bado yaonekana. Silinda imepakwa kitu cha rangi ya fedha, kama mtu kaisugua kwa sufuria.

Kuna duka limeniambia laweza kuniletea seti ya silinda na pistoni ya milimita 52 badala ya 50 ya asili, ati nguvu itaongezeka sana. Na maadamu injini iko wazi, nataka niitengeneze kabisa: niondoe gasketi ya chini, nipanue matundu, yaani iwe mashine ya heshima. Nilishapima mwanya wa juu ya pistoni kwa waya wa risasi nikapata milimita 1.05. Mafuta natumia mlilita 20 za tu-ti (oili ya kuchanganya na petroli) kwa lita moja ya petroli. Nianzie wapi? Na hiyo 52 yafaa?

mwendokasi_mtwapa

Yakhe, usiumize kichwa. Tia hiyo 52, tupa gasketi ya chini, tundu la ekzosi lipanue mpaka tupa ichoke, halafu kifungo cha flaiwili (kile kinachoshika gurudumu la sumaku kwenye kranki) kipige tupa kidogo ili cheche itangulie. Mimi yangu niliifanya hivyo, watu wa Mtwapa wakisikia sauti wadhani ni pikipiki ya mashindano. Kitu cha muhimu ni roho, si vipimo.

baburingi

Kinyozi mwanangu, pole. Mimi miaka mingi nimekaa na mashine za boti pale Tudor, zile za viharusi viwili (two-stroke) ambazo wavuvi hawataki kusikia habari za nyingine, na pawasoo zilianza kuniingilia kwa mlango wa nyuma: mtu akiona unafungua injini ya boti, akuletea na msumeno wake. Kanuni ni ileile. Injini haijui kama iko majini au juu ya mwembe.

Kabla sijagusa hiyo 52, hebu rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Pistoni imeungua upande wa ekzosi tu. Kama vumbi lingekuwa limepita kwenye chujio, ungeona michirizi upande wa kabureta. Kama ungesahau tu-ti, ingekwaruzika pande zote. Hii ya upande mmoja, ule wa moto, ni ugonjwa wa joto, na joto la namna hii aghalabu hutokana na mashine kwenda kavu: hewa nyingi, petroli chache. Ile sauti nyembamba uliyoisikia ndiyo kilio chake.

Sasa, ni nani aliyeikausha? Utamlaumu kijana wa matundu, na ana fungu lake, maana ukifungua njia ya moshi injini yavuta hewa zaidi, na kabureta lazima iongezewe petroli. Hakugusa skrubu, sivyo? Lakini mashine ilikuwa mgonjwa kabla yake. Umesema uliinunua Eldoret. Kule ni kama mita 2,100 juu ya bahari, na shinikizo la hewa kule ni kama asilimia 78 tu ya hili letu la huku pwani. Yule mzee hakukosea. Aliipima kabureta kwa hewa ya kwao, ambayo ni nyepesi, kwa hiyo skrubu ya H (ile ya kabureta inayopima petroli mashine ikienda kasi) aliibana ili petroli isizidi. Wewe ukaipakata kwenye basi, ukaishusha mpaka kwenye ngazi ya bahari, ambako kila mvuto wa injini waingia na hewa nzito zaidi, na hukugusa kitu. Siku ya kwanza tu ilipowaka Kisauni ilikuwa tayari ina kiu. Wiki tano ilivumilia. Matundu mawili ya sailensa yakamaliza hesabu.

Na hapa ndipo nacheka kidogo, unisamehe. Umeteremka na mashine mahali ambapo injini hiyohiyo yapata hewa karibu robo zaidi bila ya tupa wala seti mpya. Nguvu unayoitafuta dukani ilikuwa imeshakufikia, hukuipa petroli yake tu.

Haya, tuje kwenye 52. Chukua kalamu. Silinda ya 372XP ni milimita 50, mwendo wa pistoni milimita 36, jumla ni sentimita za ujazo 70.7. Ukitia 52 wapata 76.5. Ni ongezeko la asilimia 8. Si haba, lakini si "sana" ya muuza duka. Na hizo seti za bei nafuu nimezifungua nyingi: matundu ya pembeni yana vinundu vya chuma cha kumimina, kingo zake kali kama wembe, na utando wa ndani hujui umetiwa na nani. Silinda yako ya asili ina utando wa nikasili, mgumu kuliko tupa ya chuma. Mara nyingi kile unachokiona cha rangi ya fedha si jeraha la silinda. Ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ikajibandika juu yake.

Itoe hivi. Nunua asidi ya chumvi, ile ya kusafishia vigae. Asidi ya betri ni kitu kingine, usiilete. Kaa nje, upepo ukupige mgongoni, vaa glavu na miwani. Chovya kijiti chenye pamba, paka pale penye fedha tu, usifikie kingo za matundu wala mahali palipochubuka hadi chini, kwa sababu mwili wa silinda wenyewe ni aluminiamu na asidi haichagui. Itatoa povu. Povu likitulia, futa, rudia. Povu likikoma kabisa, aluminiamu imekwisha. Osha kwa maji mengi na magadi ya kuokea, kausha, kisha pitisha msasa mwembamba wenye maji, ukizungusha kwa mshazari. Halafu pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza bila kunasa popote, una silinda nzuri kuliko yoyote utakayoletewa kwenye boksi. Ukinasa, hasa ukingoni mwa tundu la ekzosi, basi ndiyo tuzungumzie kununua. Na usikubali fundi wa kukereza akuambie ataichimba aitie pistoni kubwa. Akichimba utando umekwenda, na pistoni ya aluminiamu itasugua aluminiamu mwenzake.

Niambie ukucha umesema nini.

mwendokasi_mtwapa

Babu umeandika kitabu. Eldoret na Mombasa zote ni Kenya, hewa ni hewa.

mama_boriti (Kongowea)

Mwendokasi, shikamoo yako kwa Babu iko wapi?

Mimi si fundi, mimi nauza mbao za mnazi na boriti, na nna vijana wawili wanaonipasulia. Hili la Nyanda za Juu nililiona kwa macho. Kijana wangu alileta mashine kutoka Njoro, ikafa mwezi wa pili, na tukamlaumu aliyemuuzia, tena kwa maneno ambayo leo naona aibu kuyakumbuka.

Nataka kuongeza mambo mawili kwa Kinyozi. La kwanza ni petroli. Kuna vituo ambako nikinunua, mashine zinagonga ndani kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Sasa kila dumu nalijaribu: natia tone moja kwenye karatasi nyeupe na kuisubiri ikauke. Petroli safi yapotea bila alama. Iliyotiwa mafuta ya taa yaacha doa la mafuta. Fuateni kituo chenye foleni, mafuta hayakai tangini.

La pili ni cheni. Mnazi hula makali kuliko mti wowote niujuao, pale pembeni penye nyuzi nyeusi ni kama kukata jiwe. Vijana hawataki kunoa, wanakandamiza mashine kwa tumbo, kisha wanakuja kuniambia haina nguvu. Kwa cheni ya inchi tatu kwa nane tupa ni ya milimita 5.5, na kile kidole kilicho mbele ya jino kisizidi kushuka milimita 0.65 chini ya jino. Wakikishusha zaidi, cheni yang'ata kwa pupa, injini yazimika, na mkono wa mtu waweza kurushwa.

kinyozi_wa_miti (Kisauni)

Babu, ukucha umeteleza! Nimefanya kama ulivyosema, uani, mke wangu akapiga kelele kwamba nimeharibu ndoo yake. Nimetumia vijiti kumi na moja. Fedha yote imetoka, ndani kunang'aa rangi ya kijivu, na ukingoni mwa ekzosi kuna alama ndogo lakini ukucha haunasi.

Kuhusu skrubu, ulivyosema ndivyo. Sikuigusa, yule kijana hakuigusa, nimemuuliza.

Sasa nimeamua pistoni mpya ya 50 na silinda ileile. Lakini babu yangu, bado natamani kitu kidogo cha ziada. Nisiwe nimefungua injini kisha niirudishe vilevile. Gasketi nitoe? Tundu nipanue kiasi gani? Kifungo cha flaiwili?

baburingi

Natamani ungesema "nirudishe vilevile", lakini najua tamaa hiyo, nilikuwa nayo mimi na mashine ya boti ya jamaa mmoja, tukaizamisha karibu na Mtongwe. Hadithi nyingine hiyo.

Kabla ya tamaa, hewa. Injini hizi tumbo lake la chini ndilo pampu. Likivuja kwenye sili za kranki, au kwenye mpira unaounganisha kabureta, au kwenye kibomba kinachopeleka mapigo ya kranki kwenye kabureta, injini yavuta hewa ya wizi isiyopita kwenye petroli, na wewe utazungusha skrubu mpaka uchoke. Mashine iliyochemka kama yako, usiziamini sili. Zibadilishe. Kisha ijaribu. Mimi sina kile kifaa chao. Nina mashine ya zamani ya kupimia presha ya damu, niliachiwa na marehemu dada yangu aliyekuwa muuguzi. Naziba ekzosi kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani, naziba na upande wa kabureta kwa bamba lenye kitundu cha mpira wa mashine, na pistoni naiweka juu kabisa ili tundu la kuingizia liwe wazi. Kisha nabonyeza lile balbu mpaka sindano ifike 300. Hiyo ni karibu bar 0.4, inatosha. Isubiri dakika tatu. Sindano ikilala, paka povu la sabuni uone wapi panapopumua. Kisha fanya kinyume: bomba la sindano kubwa la mlilita 60, vuta badala ya kusukuma. Kuna sili inayoshika ikisukumwa na kuachia ikivutwa, na ndani ya injini inavutwa kila mzunguko.

Wengi wakifika hapo wanaona nimewapotezea asubuhi. Lakini mashine tatu kati ya zile zilizoletwa kwangu "hazina nguvu" zilimalizikia hapo, kwa mpira wenye ufa usioonekana mpaka uukunje.

Sasa gasketi. Ile 1.05 uliyoipima ilikuwa kwa pistoni ya zamani. Pima upya kwa mpya, na usiamini pistoni ya boksi kuwa na urefu uleule. Waya wa risasi wa solda, mnene kidogo kuliko mwanya unaoutarajia, upitishe tundu la plagi mpaka ncha iguse ukuta wa silinda, juu ya pini ya pistoni na si mbele wala nyuma, kwa sababu pistoni hulala kidogo pande hizo. Zungusha kwa mkono, ukipima upande wa kulia kisha wa kushoto. Ukipata tena milimita moja hivi, toa gasketi ya nusu milimita, ubaki na 0.5 au 0.55. Usishuke chini ya 0.5. Kranki ikipata moto yarefuka, beringi zaachia kidogo, na pistoni itagonga kichwa. Badala ya gasketi paka gundi inayostahimili joto na petroli, nyembamba kama unavyopaka siagi siku ambayo siagi imekwisha. Ikizidi yaminywa ndani na kuziba njia.

Uelewe pia ulichofanya. Silinda ikishuka nusu milimita, matundu yote yameshuka nayo. Ekzosi itafunguka kwa kuchelewa karibu digrii 2, ya pembeni vilevile, na tundu la kuingizia litakaa wazi muda mrefu zaidi kwa sababu sketi ya pistoni (upindo wake wa chini) inalifungua mapema. Kwa mpasua miti hilo si baya, mashine yapata nguvu ya chini, ile ya kusukuma gogo bila kulia. Ndiyo maana naipenda kazi ya gasketi kuliko kazi ya tupa. Ukitaka kuona kwa macho, chapisha duara la digrii 360, libandike kwenye sidii kuukuu, lifunge kwenye kranki, na waya wa hanga uwe mshale.

Tundu la ekzosi: panua kwa upana tu, milimita moja kila upande, na usipite asilimia 65 ya kipenyo, yaani 32.5 kwa silinda yako. Juu usiguse. Kabla hujaanza, tia pistoni ndani, chora kwa kalamu kupitia tundu mahali sketi inapofika, na ubakishe walau milimita 2 za sketi zinazofunika kila upande. Ukizidisha, pistoni ikiwa juu moshi na tumbo la chini vitakutana, na mashine haitawaka sawa tena maisha yake. Tumia jiwe la almasi kwenye mashine ndogo ya mkono, ukisukuma kutoka ndani ya silinda kwenda nje. Ukisukuma kinyume utando utabanduka kama ganda la ukuta. Ukimaliza, kingo zote ulainishe, juu na chini hasa, ukipitisha kidole kisihisi kona. Ringi kila inapopita pale hutaka kuchungulia nje. Ikikuta ukingo mkali, itakatika na kwenda na silinda.

Matundu ya pembeni, yale yanayopandisha mchanganyiko: yaache. Mimi mwenyewe nayaacha. Ni mahali pa watu wenye vipimo kuliko mikono.

Kifungo cha flaiwili usikiguse. Ukitoa gasketi umeongeza mgandamizo, na Mama Boriti amekwambia petroli yetu ni ya kubahatisha. Cheche ikitangulia kwenye petroli yenye mafuta ya taa, mchanganyiko walipuka kabla ya wakati na kutoboa kichwa cha pistoni. Hiyo ni kazi ya mtu anayenunua petroli asiyo na shaka nayo.

Matundu ya sailensa ya yule kijana yasiachwe kama yalivyo, yanampulizia moto mti na mkono wako. Ziba moja kwa kulichomelea, na jingine litiwe kibomba kifupi kinachoelekea mbele na chini, pamoja na ile wavu ya kuzuia cheche. Majani ya mnazi yaliyokauka hayasubiri kuitwa mara mbili.

Ringi mpya itie kwanza peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake. Kwa 50, mwanya wa 0.2 hadi 0.4 ni salama. Na ncha zikae kwenye kile kijiti cha mfereji. Umewahi kuona mtu aliyesahau? Mimi ndiye huyo mtu.

Mwisho kabureta. H ifungue, kinyume cha saa, mpaka ukivuta trota yote bila kukata uisikie ikikohoa, ikibwata kama ya viharusi vinne. Ikiingia kwenye gogo, kikohozi kiishe na isafike. Ukiitoa kwenye gogo, kirudi. Hiyo ndiyo H ya Mombasa. Ikilia safi hewani, ina kiu, haijalishi inapendeza kiasi gani masikioni mwa watu wa Mtwapa.

mwendokasi_mtwapa

Nimesikia babu, shikamoo. Swali la siri: yangu imeanza kupandisha sailensi (mwendo wa injini bila trota) yenyewe, nikiachia trota yachukua sekunde nyingi kushuka. Ni dalili gani?

baburingi

Marahaba. Ni dalili ya kuizima leo hii. Ijaze hewa kama nilivyomwambia Kinyozi, tia povu la sabuni kwenye mpira wa kabureta na mahali ulipotoa gasketi, kisha uniambie panapotoa mapovu. Na tu-ti unatia kiasi gani?

mwendokasi_mtwapa

Kwa macho.

kinyozi_wa_miti (Kisauni)

Wiki tatu zimepita, nimerudi na habari.

Sili mbili mpya, pistoni mpya, silinda yake mwenyewe. Kipimo kipya kilikuwa 1.0, nikatoa gasketi, nikapata 0.5 kulia na 0.55 kushoto. Tundu la ekzosi nililipanua nusu tu ya ulichosema kwa sababu mkono ulitetemeka, nikaona inatosha. Mashine ya presha nilimwazima mama mkwe, akafikiri nimeugua. Ilishika 300 dakika tatu ikapungua kidogo sana, nikakuta ni ule mpira wa tairi wangu mwenyewe unaovuja na si injini.

Tangi mbili za kwanza nilikata vitu vidogo tu, bila kuiacha ilie. Mgandamizo sasa ni psi 170. Skrubu ya H imefunguka karibu nusu mzunguko zaidi ya ilivyotoka Eldoret. Nusu mzunguko, Babu! Nimekuwa nikiiangalia skrubu hiyo kwa wiki tano nikidhani ni pambo.

Nilitaka kujua kama kazi ya gasketi ina maana au ni ya kujidanganya, kwa hiyo nilifanya hivi: kwanza niliiunga na gasketi yake na sailensa niliyoyaziba matundu yake, nikapima H vizuri, nikakata vipande vitano vya gogo la mwembe mkavu la sentimita 45, cheni imenolewa. Wastani ukaja sekunde 17. Kisha nikafungua tena, nikatoa gasketi, nikapanua tundu, nikatia kibomba cha sailensa, H upya. Gogo lilelile, cheni imenolewa tena: sekunde 14. Kwa hiyo nguvu ya tupa ipo. Lakini zile 17 zenyewe zilikuwa mashine ambayo sijawahi kuwa nayo hapa Mombasa.

Sasa nafikiria sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) ya meno 8 badala ya 7.

baburingi

Meno 8 yaongeza mwendo wa cheni kwa asilimia 14 na kuondoa nguvu ya kusukuma kwa asilimia 12.5. Kwa mivinje myembamba sawa. Kwa baa yako ndefu (bamba linalobeba cheni) ndani ya mwembe utajuta. Kaa na 7.

Na ile 170, ipime tena baada ya tangi kumi.

mama_boriti (Kongowea)

Kinyozi, kama ina nguvu hivyo njoo Jumamosi, nna minazi sita imelala Bamburi.

kinyozi_wa_miti (Kisauni)

Nitakuja mama, lakini si kabla ya Jumatatu. Jana nilikuwa na mwembe kando ya barabara, mashine yaimba vizuri, nikafika katikati ya gogo nikakuta misumari minne ya mabango ya uchaguzi iliyomezwa na mti. Injini haikuhisi kitu. Cheni nzima haina jino.